Salamu Niliyoipita

Siku yangu ya kwanza katika kitengo cha wanafunzi wenye ulemavu, kwenye shule moja ya msingi ya Same mjini, Mwalimu Mkuu alinipa funguo na agizo moja. "Hawa usiwaonee huruma. Anza na nidhamu. Salamu kwanza."

Agizo hilo nililishika. Kila asubuhi nilipita mbele ya watoto mmoja mmoja. Wanaosema walisema shikamoo, wasiosema waliinua mkono, nami nikaitikia marahaba. Nakijwa, binti wa miaka saba kutoka Mamba mlimani, hakusema wala hakuinua. Alikaa kwenye kiti chake cha magurudumu, uso ameugeuzia ukutani. Nilimshika kidevu, nikamgeuza anitazame. Akalia.

Mama yake, aliyepanga chumba mjini ili mtoto asome, alinifuata mlangoni.

"Anakuamkia, mwalimu. Mkono unapanda wewe umeshafika kwa mtoto wa tatu."

"Mama Nakijwa, nina watoto kumi na wawili. Nimngoje mpaka kengele ya uji?"

"Mngoje kidogo tu."

Sikumngoja. Daktari alikuwa ameandika kwamba macho yake ni mazima, nami nikaamua kwamba anayeona na hatazami, shule haimwezi. Kwenye ripoti ya mwisho wa mwaka niliandika: hafundishiki. Mwalimu Mkuu akagonga muhuri. Mama akambeba mwanawe, wakarudi mlimani.

Miaka mingi baadaye, nikikaribia kustaafu, nilipelekwa semina. Huko ndiko nilikosikia kwamba macho yanaweza kuwa mazima, lakini ubongo ukashindwa kutambua upesi kile yanachokileta. Mwezeshaji alitundika kitambaa cheusi, akaweka mbele yake kikombe kimoja cha njano, ili macho yasichanganywe na vitu vingine. Mtoto wa namna hii, alisema, huweza kugeuza uso ili aone kwa pembeni. Na asiyesema hujibu kwa mwili, kwa muda wake. "Ukishauliza, funga mdomo. Ukirudia swali, umemrudisha mwanzo." Ninyi walimu vijana ninaowasimulia mnaanza kazi mkiyajua haya. Mimi siku ile kalamu ilinishinda.

Nilipostaafu nilipanda bodaboda hadi Mamba. Mama Nakijwa alikuwa akianika tangawizi. Alilitazama shati langu la maua, akacheka.

"Shikamoo, mwalimu. Hilo shati litamchanganya mwanangu. Vaa koti la baba yake."

Ndani, kaniki nyeusi ilitundikwa ukutani, na mbele yake kikombe cha njano. Hakuna aliyempeleka mama huyu semina.

Nilivaa koti, nikasimama mbele ya kaniki, nikataja jina langu, nikanyamaza. Nakijwa, sasa mtu mzima, aligeuza uso pembeni. Nikangoja. Nikangoja tena. Mkono ukapanda polepole.

"Marahaba," nikasema.

Mama yake alitikisa kichwa. "Hapo anaomba maji, mwalimu. Kuamkia aliacha tulipotoka shuleni."

Nikachukua kikombe chake cha njano, nikakitia maji, nikakishika mbele ya kaniki, nikangoja.