Vanishi Juu ya Udongo

Juzi, chuoni Kampala, nilipita karibu na chumba cha wanafunzi wa sanaa nikakutana na harufu ya vanishi. Mlango ulikuwa wazi. Kijana mmoja alikuwa anaipaka picha yake kwa brashi pana, polepole, ili isifutike. Nilisimama pale mpaka akaniuliza kama nimepotea. Nikasema hapana, lakini sikuondoka, maana harufu ile, rafiki yangu, ilikuwa imeshanirudisha Bwera, kwenye kosa nililofanya nikiwa na umri wa miaka tisa.

Nyumba yetu ilikuwa ya miti na udongo, juu kidogo ya mto Lhubiriha. Ukisimama uani uliiona Kongo ng'ambo na kusikia majogoo yao. Baba alifanya kazi kwenye mgodi wa shaba Kilembe. Alikuja mwisho wa mwezi na samaki wakavu wa ziwani Kahendero waliofungwa kwa gazeti, na harufu yao ilifika mlangoni kabla yake. Siku nyingine nyumba ilikuwa ya wanawake: nyanya, mama na mimi, na mdogo wangu wa kiume, ambaye hakuna aliyemhesabu kuwa mwanamume kwa sababu alikuwa na miaka minne.

Kila mvua zilipoisha, nyanya alipaka nyumba upya. Alianza na kinyesi cha ng'ombe kilichochanganywa na majivu, akasubiri kikauke, ndipo akaleta rangi. Nyeupe ilitoka mtoni. Mafuriko yakishuka, kwenye kona ya mto hubaki udongo laini kama uji wa mtoto. Nyekundu aliletewa na dada yake wa Kyondo, chini ya kikapu cha mihogo, na nyeusi ilikuwa masizi ya vyungu vyetu wenyewe. Kwa vidole vitatu alichora msimu ulivyokwenda. Mawimbi upande wa mto yalionyesha maji yalipanda mpaka wapi. Kahawa ikichanua vizuri, ukuta wa mbele ulijaa nukta nyeupe. Ikichanua vibaya, ungeweza kuzihesabu. Karibu na mlango alichora mabawa ya kumbikumbi, mwaka ule walipotoka wengi hata tukawala mpaka matumbo yakauma. Mvua zilizofuata zilifuta kila kitu, naye akaanza tena, bila kulalamika.

Mimi nililalamika kwa niaba yake. Nilikuwa mtoto wa kuuliza, na sijapona ugonjwa huo hadi leo. Nilimwuliza kwa nini anajichosha na picha ambazo mvua itazifuta.

"Mwezi uliopita nilikusuka nywele," akasema bila kugeuka. "Mbona umeniletea tena kichwa?"

Kisha ukaja msimu ambao mto ulimchukua mdogo wangu. Sitasema mengi. Walimpata siku ya pili, wakamleta juu wamemfunika kwa shuka, na tukamzika chini ya migomba.

Baada ya mazishi mama aliacha kwenda mtoni. Aliacha pia kuimba, kuchana nywele, kuitikia salamu. Alilala akiwa ameugeukia ukuta, na kama alitoka ilikuwa kukaa kwenye kizingiti cha mlango wa nyuma na kuangalia ndani ya nyumba, mgongo kwa mto. Wanawake wa kanisa walikuja wakaomba. Muuguzi alikuja na vidonge. Baba alikaa kando ya kitanda siku zake mbili za mapumziko bila kujua mikono aiweke wapi, akarudi Kilembe. Jioni moja nilimsikia shangazi nje akimwambia nyanya, "Huyu naye tutampoteza." Tangu hapo, kila nilipotoka shule, nilikimbia moja kwa moja mpaka kitandani kuangalia kama blanketi linapanda na kushuka.

Nyanya hakuomba kwa sauti wala hakumsihi. Mvua zilipoisha alipaka kuta tatu, akaacha mmoja, ule wa upande wa mto. Akaweka bakuli la udongo mweupe kizingitini, karibu na mguu wa mama.

"Mgongo wangu umekataa," akasema. "Naenda kuangalia kahawa."

Mgongo haukuwa na kitu. Nilimwona akiukwea mteremko wa shamba kama mbuzi.

Bakuli lilikaa pale siku tatu, na nyanya aliongeza maji kila asubuhi ili lisikauke. Siku ya nne nilipotoka shule, mama alikuwa amesimama nyuma ya nyumba. Alikuwa ametumbukiza kidole kimoja tu na kuchora mstari mmoja, wa kupinda juu na chini kama wimbi, kutoka pembe hadi pembe ya ukuta. Niliutambua. Mdogo wangu alikuwa na tabia ya kuburuta fimbo vumbini akizunguka nyumba, na mstari wake ulipinda vile vile kila aliposimama kuangalia kuku.

Jioni ile mama aliniambia, "Kuna kitu shavuni mwako." Maneno manne, na mimi nikaenda kuyarudia peke yangu chooni.

Siku zilizofuata maneno yake yaliongezeka kidogo kidogo. Alikwenda kuuangalia mstari asubuhi, kabla ya kunawa uso. Na mimi, badala ya kufurahi, nikaanza kuogopa mawingu. Nilifanya hesabu ya kitoto: mstari ndio uliomtoa mama kitandani, mvua itafuta mstari, kwa hiyo mvua itamrudisha mama kitandani. Hata leo, pamoja na masomo yote, sioni kosa lake liko wapi.

Baba alikuwa ameleta kopo la vanishi la kupaka mlango mpya. Likabaki nusu. Nilichukua ganda la mgomba, nikaliponda ncha ikawa brashi, na mama alipolala mchana nikaupaka ukuta wote, tabaka mbili. Ukang'aa. Jirani yetu, mama wa Butembo, kule Kongo, aliyeuza vitenge na sabuni, alisimama na mzigo wake kichwani.

"Eh! Nyumba yenu sasa iko sawa bibi-arusi! Nani alifanya hivi?"

"Mimi."

"Wewe mutoto, utakuwa mutu mukubwa."

Nililala kwa amani wiki nzima: mama aliuona mstari tu, na nyanya, aliyeshinda kwenye kahawa, alidhani harufu ni ya mlango mpya. Kisha mvua ikaja. Kuta tatu za nyanya zilichuruzika rangi kama kawaida yake. Ukuta wangu ulivimba. Maji yaliingia kwa nyuma, hayakupata pa kutokea, na siku ya pili asubuhi udongo ulianguka vipande vikubwa vikubwa, na mstari juu yake, hata miti ya ndani ikaonekana kama mbavu.

Nyanya aliokota kipande, akakinusa. "Uliuziba ukuta pua," akasema. "Udongo unapumua, mtoto wewe."

Mama wa Butembo naye alikuwa amekuja kuona. "Yesu! Ulipaka nyumba mafuta sawa mukate!"

Sikucheka. Nilikuwa naangalia mlango. Mama alitoka, nywele zimesimama, blanketi mabegani. Akaja mpaka ukutani. Akainama, akachukua kipande chenye sehemu ya mstari, akakivunja kwa vidole mpaka kikawa unga.

"Ni nani?"

"Mimi, mama."

"Kwa nini?"

"Nilitaka mstari usitoke. Nilitaka usirudi kulala."

Nyanya aligeukia upande mwingine. Mama akakung'uta mikono, akalitundika blanketi mlangoni.

"Lete jembe na kikapu."

Mvua ilipokatika tulishuka. Nilitembea nyuma yake, tayari kumshika, ingawa sijui mtoto wa miaka tisa angemshika vipi. Kwenye kona ya mto alisimama. Maji yalikuwa ya kahawia na ya haraka. Akamwita mdogo wangu kwa jina, mara moja, kwa sauti ya kumwita mtu aje ale. Kisha akavua viatu, akaingia mpaka kwenye kifundo cha mguu, akaanza kuchimba.

Alinionyesha jinsi ya kuchagua. Unauma udongo kidogo kwa meno ya mbele. Ukisikia mchanga, unautema. Nilikuwa na bidii kupita kiasi, na nilipomgeukia, meno yangu yote yalikuwa meupe kama chokaa. Mama alicheka mpaka akashika kiuno. Halafu akalia, nami nikalia, na tukaendelea kuchimba.

Ukuta ulipokandikwa tena na kukauka, alichora mstari upya. Haukuwa sawa na wa kwanza.

Nyanya amekufa. Mama wa Butembo alirudi kwao, na sijui kama yuko hai. Kona ile ya mto imehama, na nyumba yetu ina bati na sementi ambayo haikubali udongo. Wasichana wa Bwera wanajua bei ya rangi ya dukani Kasese, hawajui kuonja ukingo wa mto. Lakini jiko la nyuma bado ni la udongo, na kila mvua zikiisha mama analipaka, na siku hizi watoto wawili wa jirani wanamshikia bakuli.

Likizo iliyopita nilimwuliza, kama mtu wa chuo anavyouliza, kama kweli ni udongo uliomponya, au ni muda tu, au labda vile vidonge. Alifikiri, mikono ikiwa nyeupe mpaka kwenye viwiko.

"Mambo ya kupona siyajui," akasema. "Najua tu tulipopanda kutoka mtoni nilisikia njaa."