Siku Barua za Hoza Zilipohama

Siku ninayoikumbuka kuliko nyingine zote za ujana wangu, mwanangu, ilikuwa Alhamisi ya gulio. Nilishuka kutoka Magamba kwenda Lushoto nikiwa sina cha kuuza wala cha kununua. Nilikuwa nafuata barua ya kaka yangu Hoza. Mama alikuwa mgonjwa ndani. Madaktari wa Bumbuli walikuwa wameturuhusu tumrudishe nyumbani, nasi tulielewa maana ya ruhusa ile bila kuambiwa.

Nirudi nyuma kidogo usije ukapotea. Hiyo ilikuwa miaka ya soko huria, viwanda vinauzwa na watu wanapunguzwa kazini. Hoza alikuwa fundi kwenye kiwanda kimoja huko Tanga. Kiwanda kikapata mwenyewe mpya, naye akapata mkono wa kwaheri. Alirudi Magamba akakaa. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa na ulimi mkali, na asubuhi moja alimwambia mbele ya majirani kwamba mwanamume wa kweli hangoji kupikiwa na mama yake. Hoza akainuka, akakusanya nguo zake. Aliondoka bila kuaga, na tulipokuja kupata habari zake alikuwa Afrika Kusini. Aliondoka bila radhi ya mama, na kwetu hilo si jambo dogo. Wazee husema radhi ni bora kuliko mali, na mama mwenyewe alilijua hilo, ila alikuwa mgumu wa kuanza kusema. Mtu mwenye ulimi mkali mara nyingi ndivyo alivyo.

Simu za mkononi zilikuwa bado hazijafika milimani kwetu. Lakini pale Lushoto, karibu na soko, palikuwa na chumba cha kompyuta, na msimamizi wake, kijana wa Kilutheri aitwaye Eliya, alinifungulia anwani ya baruapepe. Nikawa naandikiana na Hoza. Kiingereza changu kilikuwa cha kuombea maji, na maneno yote pale kwenye kioo yalikuwa ya Kiingereza, kwa hiyo nilijifunza kwa mahali. Ukifungua, barua zinakaa katikati, chini ya mstari wa bluu. Sikujua maneno, nilijua mahali. Wengi wetu tulisoma hivyo, na mambo yalikwenda.

Juma lililotangulia nilikuwa nimemwandikia Hoza kwamba mama yuko hoi, na kama ana neno alilete. Alhamisi ile nikakaa kwenye kiti, nikafungua, na ukurasa haukuwa ule. Kulikuwa na picha za watu wanaocheka, habari za nchi za mbali, rangi nyingine kabisa. Nikatazama katikati, chini ya mstari, mahali pangu pa siku zote. Palikuwa na kisanduku kitupu na sifuri ndani yake. Nikaitazama ile sifuri mpaka macho yakauma. Eliya alikuwa anahangaika na mteja mwingine. Alichoniambia ni kwamba wenye programu wameibadilisha sura tangu jana, na hata yeye hajaizoea. Sikumsubiri. Niliona haya kulia mbele ya watu wa gulio, nikaupanda mlima.

Mama aliniuliza kwa macho tu. Nikamwambia hakuna barua. Akageukia ukutani, na sikumwona uso tena jioni ile.

Bibi, mama yake mama, alikuwa jikoni anachambua maharage, na alikuwa amenisikia. Akaniita nikae. Akaniuliza kama kweli Hoza hakuandika. Nikamweleza yote, kwamba ukurasa umebadilika, kwamba nimetazama pale pale ninapotazama kila siku na pana sifuri. Nikawalaani waliobadilisha, nikasema watu wana raha zao huko, wanabadilisha vitu ambavyo wenzao ndiyo kwanza wamevizoea. Bibi hakuwahi kuiona kompyuta, na hakujifanya anaijua. Aliendelea kuchambua kwa muda, kisha akasema kwa Kishambaa, nami nakupa kwa Kiswahili:

"Masika yale mlima ulipoporomoka ukafukia njia ya Lushoto, ulifika pale kwenye udongo ukarudi kutuambia Lushoto haipo?"

"Hapana, bibi."

"Njia ilihama, mji haukuhama. Wewe hujaiona barua, ukamwambia mgonjwa hakuna. Hayo ni mambo mawili, mjukuu wangu, na moja linaua."

Nilitaka kumjibu kwamba yeye hajui shida ya vitu vile. Namshukuru Mungu nilikaa nikamsaidia kuchambua.

Asubuhi yake nikashuka tena. Nikamwambia Eliya kwamba leo sina haraka, nataka tuusome ukurasa wote. Tukaanza juu pembeni, neno kwa neno, kama mtu anayepalilia tuta bila kuruka shina. Tusilolijua tulilitafuta kwenye kamusi yake iliyochanika jalada. Umeme ukakatika, tukangoja, ukarudi, tukaanza upya. Kile kisanduku chenye sifuri tukagundua ni cha kukumbushia siku za kuzaliwa za marafiki. Hakikuhusu barua hata kidogo. Nilicheka, mwanangu, lakini kicheko chenyewe kilikuwa cha uchungu, maana mama yangu alikuwa amelala akitazama ukuta kwa sababu ya siku za kuzaliwa za watu. Barua zilikuwa zimehamishiwa juu, nyuma ya picha ndogo ya bahasha ambayo jana niliiona nikadhani ni pambo. Eliya akaibonyeza. Ya Hoza ilikuwa ya kwanza, na ilikuwa imefika kabla ya gulio.

Aliandika kwamba hawezi kufika upesi, hati zake za kusafiria zina matatizo. Halafu akaandika: "Mwambie mama nilikosa kuondoka bila kuaga. Namwomba radhi. Akininyima sitalaumu."

Sikupumzika njiani. Nikamsomea mama, akaniomba nirudie, nikarudia. Akageuka kutoka ukutani.

"Mwandikie nimemridhia tangu zamani," alisema. "Naye anisamehe ulimi wangu."

Bibi akaitikia amina kutoka mlangoni. Nikafunga kanga nishuke tena siku ile ile, na bibi akanifuata hadi uani akaniuliza kama nimelaza tawi.

Hapo nikueleze. Kwetu, njia inapoporomoka, wa kwanza kuipata njia mpya hukata tawi bichi akalilaza kwenye mdomo wa njia ya zamani, ili anayekuja nyuma asitumbukie korongoni. Hata ukiwa unawahi msiba, tawi unalaza. Basi nilipokwisha kumpelekea Hoza maneno ya mama, nikaomba kipande cha boksi, nikaandika kwa Kiswahili kwamba barua zimehamia juu, kwenye bahasha, na kwamba sifuri ile si ya barua. Eliya akakitundika juu ya kompyuta. Kabla sijatoka, mama mmoja aliyekuwa amekwisha kunyanyuka na kikapu chake alikisoma, akarudi akakaa.

Mama yangu hakumaliza juma. Hoza alikuja tukiwa tumeshamzika. Nilimpeleka kaburini, akaniuliza maneno aliyosema mama, na alivyoyasema. Nikamwambia. "Tangu zamani," akarudia polepole, akalia kama mtoto, lakini hakulia kama mtu aliyelaaniwa. Mpaka leo nikifikiri kwamba barua ile ingebaki nyuma ya kibahasha kidogo, na maneno yale yasingesemwa, mwili unanisisimka.

Nakuambia haya kwa sababu juzi nilikuona unagombana na simu yako eti wameipanga upya, na jana nikakusikia unamcheka baba yako kwa sababu yeye bado anatafuta barua zake mahali pa zamani. Mwanangu, mambo yatahama tena na tena, na hakuna atakayekuja kukuomba ruhusa. Kupotea njia ndiko kujua njia. Jifunze maana ya kitu, usijifunze mahali kilipo tu. Usipokiona, sema hujakiona, usiseme hakipo, hasa mbele ya mtu ambaye moyo wake unaning'inia hapo. Muulize aliyetangulia, na kama naye hajui, kaeni mtafute pamoja. Nawe ukishaipata njia, usipite ukicheka. Nenda leo ukakae na baba yako, umwonyeshe taratibu, mpaka azoee.

Nami nimekuridhia, nakuambia sasa nikiwa na sauti yangu, usije ukaitafuta radhi yangu popote. Mungu akuongoze kila njia itakapohama, na nyuma yako wasipungue watu wanaopita salama kwa tawi ulilolilaza. Amina.