Darubini ya Mia Sita

Anayedhani kazi ya kuona ni rahisi, eti kwa sababu kila mtu kajaliwa macho, na aende akasimame juu ya gari la wazi katikati ya mbuga isiyo na mti hata wa kufungia mbuzi. Ardhi imeanza kuchemka, mgeni mwenye bunduki anamhemea kisogoni, na wote wanangoja aseme kile kidoa cha kijivu kule mbali ni dume, ni jike, au ni kichuguu tu. Akikosea, anakufa mnyama asiyestahili, na hakuna wa kumfufua. Bwana tunayemzungumza hapa aliifanya kazi hiyo tangu nywele zake zikiwa nyeusi, na kambi nzima ya uwindaji ilimwita Kipanga. Jina lake la kuzaliwa walilijua mkewe na mhasibu.

Msimu uliopita mikono ilianza kumtetemeka. Kwanza kidogo tu, akifunga vifungo vya shati. Halafu kijiko kikawa kinagongagonga kikombe, mpaka mkewe akaacha kumjazia chai, akawa anamtilia nusu. Wakaenda kwa daktari. Daktari akamtazama mikono, akautaja ugonjwa kwa neno refu, akasema dawa za kuupunguza makali zipo lakini za kuuondoa hazipo. Kipanga akauliza swali moja tu: na macho je? Macho yako safi kabisa, akajibiwa. Basi akaling'ang'ania jibu hilo, akarudi kazini mikono ikiwa mifukoni, asimwambie mtu.

Msidhani ilikuwa kiburi peke yake, ingawa kiburi kilikuwepo tele. Mume wa binti yake, aliyekuwa fundi redio mpaka watu walipoacha kutengenezesha redio, aliingia kambini kwa kuombewa na Kipanga mwenyewe. Huu ndio ulikuwa msimu wake wa majaribio. Meneja alisema wazi: kijana akifanya vizuri chini ya mkwewe ataandikwa kazi, akivurunda arudi na bisibisi zake. Kipanga akamwahidi binti yake kwamba atamshika mumewe mkono mpaka aandikwe. Jamani! Mshika mkono mwenyewe mikono haimtulii. Alichohitaji ni msimu mmoja tu, kisha angeomba kupumzika kwa heshima zake, kijana abaki na kazi na binti yake abaki na nyumba yenye mkate.

Siku ya kugawa darubini mpya, mkewe alimfuata mpaka mlangoni ameshika kofia yake.

"Baba watoto, chukua ndogo."

"Ndogo ipi?"

"Usinifanye mtoto mdogo. Humu ndani umenihubiria habari za darubini kuliko ulivyowahi kunihubiria mapenzi. Leo unaniuliza ndogo ipi?"

Kipanga akacheka, akavaa kofia, akashika njia. Hakuahidi kitu.

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kimoja chenye feni inayolalamika na kalenda ambayo hakuna aliyekumbuka kuibadilisha. Darubini zilikuwa zimepangwa mezani juu ya taulo. Ubavuni mwa kila moja kulikuwa na namba mbili, na kati yake alama ya mara, ile ya kuzidishia. Sasa hapa ndipo palipokuwa na kichekesho cha kambi hiyo. Watu wake, waliofundishwa shuleni kwamba ukiona alama ya mara basi zidisha, walizidisha kweli. Darubini ya nane mara arobaini na mbili wakaiita mia tatu na ushee. Ya kumi na mbili mara hamsini wakaiita mia sita. Na mwenye mia sita shingoni alipewa heshima ya mia sita, akipita unaona wanampisha.

"Hiyo mia sita ni balaa," alisema dereva, mtu asiyeweza kukaa kimya hata akiwa anatafuna. "Ukiiweka machoni unaona mpaka dhambi za jirani."

Watu wakaangua kicheko. Mkwe akajisogeza karibu na Kipanga, akanong'ona, "Baba, mimi nichukue ipi?"

Kipanga akamvuta pembeni, dirishani. "Chukua nane. Wasikupotoshe na mahesabu yao, hizo namba hazizidishwi. Ya kwanza inasema inavuta mara ngapi. Ya pili ni upana wa kioo cha mbele, kile kinachoingiza mwanga."

"Lakini huku ni uwazi mtupu, baba. Wanyama wako mbali. Si bora inayovuta zaidi?"

"Kila mgeni wa mbuga anadhani hivyo. Inavuta zaidi, sawa, lakini inavuta kila kitu, mwanangu. Inavuta mnyama, inavuta mvuke wa ardhi, inavuta mtikisiko wa gari, inavuta mpaka mapigo ya moyo wako. Jua likipanda, nane itakuonyesha mnyama mdogo aliyetulia. Ile kubwa itakuonyesha mnyama mkubwa anayecheza ngoma. Kumi ni ya mtu aliyekaa chini, viwiko juu ya magoti. Kumi na mbili ni ya mtu mwenye mahali pa kuegemeza. Wewe utakuwa umesimama garini, kwa hiyo nane."

"Nimekuelewa, baba."

Akaichukua nane, wenzake wakamzomea kwa utani, eti fundi redio anaogopa umeme mwingi. Kisha meneja akamgeukia Kipanga. "Wewe sina haja ya kukuuliza. Mia sita, au sio?"

"Akichukua mia tatu mimi naacha kazi," akadakia dereva.

Macho yote yakamwelekea. Ndani ya mfuko wa suruali vidole vya Kipanga vilikuwa vinapapatika, navyo alivisikia vizuri. Akichukua ndogo, lazima mtu ataulizia sababu, hata kwa utani, na sababu ilikuwa moja tu. "Nipe mia sita," akasema. Mnauona ujinga huo? Mtu mzima na akili zake timamu, mate ya somo hayajamkauka mdomoni, anakwenda kujivisha shingoni kile kile alichomkataza mwenzake!

Siku za mwanzo alijikaza kisabuni, mambo yakaenda. Walitoka alfajiri ardhi ikiwa bado baridi, naye, akiwa amesimama nyuma, aliegemeza viwiko juu ya paa la sehemu ya dereva, darubini ikatulia kidogo. Akaanza hata kupiga mluzi akinyoa ndevu.

Halafu akaja mgeni mmoja mpenda usingizi. Walipotoka naye jua lilishapanda. Mgeni alitaka choroa, mnyama yule wa kijivu mwenye pembe ndefu zilizonyooka. Choroa ni mtihani, kwa sababu dume ana pembe na jike naye ana pembe. Tofauti iko kwenye shina: za dume ni nene pale zinapoota, za jike ni nyembamba na mara nyingi ndefu zaidi. Kibali kilikuwa cha dume tu. Siku hiyo meneja mwenyewe alipanda gari, amtazame kijana kabla ya kumwandika.

Wakamwona choroa amesimama peke yake, mbali sana. Mgeni akalaza bunduki yake juu ya paa la gari na kutandaza viwiko vyake vyote viwili. Basi mahali pa kuegemea pakawa hapana. Kipanga akasimama wima na darubini yake, mikono hewani.

Mungu wangu, alichokiona! Mnyama alikuwa anaruka juu na chini. Pembe zikawa nne, zikawa mbili, zikavimba, zikakonda. Mvuke wa ardhi ulizikoroga, na mikono yake ikazikoroga tena. Akabana pumzi, ikawa mbaya zaidi. Akabana viwiko mbavuni, haikusaidia kitu. Hofu ikamjaa, kwa maana alijua kwamba hajui.

"Vipi?" mgeni akanong'ona.

"Sema, Kipanga," meneja akasema.

Pembeni yake alisimama mkwe na nane yake, ametulia tuli.

"Dume," Kipanga akasema.

Akamsikia mkwe akivuta pumzi, ile pumzi ya mtu anayetaka kusema neno. Aliisikia vizuri sana. Angeweza kumgeukia amuulize, wewe unaonaje? Maneno mawili tu. Lakini kumuuliza mkwe mbele ya meneja, mbele ya mgeni, mbele ya dereva yule mwenye mdomo, ni sawa na kutoa mikono mifukoni. Akanyamaza. Naye mkwe, aliyelelewa kwamba mtu hamkosoi baba mkwe mbele za watu, hata moto ukiwaka, akairudisha pumzi yake ndani. Bunduki ikalia.

Walipofika walimkuta amelala ubavu, jike, kiwele kimejaa maziwa. Hatua chache kutoka hapo nyasi zikatikisika, kikanyanyuka kindama cha rangi ya mchanga kilichokuwa kimejificha. Hakikukimbia. Kilikuja moja kwa moja, kikapita kati yao kana kwamba hawapo, kikaingiza pua chini ya tumbo la mama yake kutafuta ziwa. Mgeni akaenda kukaa ndani ya gari. Kipanga alitaka ardhi ipasuke immeze.

Mchana huo meneja aliwaita wote wawili ofisini, akafunga mlango. Hakupiga kelele, na heri angepiga.

"Wewe ulikuwa na darubini," akamwambia mkwe. "Uliona nini?"

"Niliona alichokiona baba."

Meneja akashusha pumzi. "Basi mmekosea wote. Kipanga, kwako mwisho umefika, nasikitika. Huyu ni mwanafunzi, mwanafunzi hukosea. Nitamwongezea muda wa majaribio."

Hapo ndipo Kipanga angefunga mdomo. Angeufunga tu, yaishe! Lakini moyo ulimchoma. Aliona kijana anajipaka tope kwa ajili yake, anaitwa asiyeona wakati yeye ndiye pekee aliyeona. Akafikiri anamwokoa.

"Huyu hakukosea," akasema. "Mikono yangu ni mibovu, tazama. Nilijua tangu mwaka jana, nikaficha. Yeye aliona jike. Nilimsikia akivuta pumzi aseme. Ana macho kuliko wote mlio nao. Mwandike kazi, mimi niache niende."

Meneja akageuka polepole. "Ni kweli? Uliona jike?"

Kijana akatazama sakafu. Angekana, angemfanya baba mkwe mwongo mara ya pili siku moja. "Niliona," akasema.

"Ukanyamaza."

"Angekuwa mtu mwingine ningesema, bosi. Huyu ni baba yangu."

"Anayekosea namfundisha," meneja akasema. "Wewe uliona kabisa, ukamwacha mgeni apige. Kesho je? Nenda na baba yako."

Kipanga akaomba. Yule Kipanga wa mia sita alipiga magoti kwenye sakafu ile ya saruji, akaomba mpaka sauti ikakatika, na mikono yake, ambayo sasa hakuwa na sababu ya kuificha, ikitetemeka mbele ya watu wote waliokuwa wakichungulia dirishani. Meneja akafungua mlango. Hivyo ndivyo unga wa nyumba mbili ulivyomwagika, na aliyeumwaga ni yeye, mara ya kwanza kwa kunyamaza na mara ya pili kwa kusema.

Wakarudi kwa miguu. Mkwe alimbebea begi lake, akapunguza mwendo ili wasiachane. Hakumlaumu hata kwa jicho. Kipanga alitamani sana atukanwe, apigwe hata kofi, lakini kila alipojikwaa alisikia tu, "Pole, baba. Taratibu, baba."

Binti yake alikuwa anapiga deki sebuleni. Alipowaona langoni aliangusha tambara, akafuta mikono kwenye khanga, akatoka mbio huku meno yote nje.

"Mmeachiwa mapema! Nilijua tu leo ndiyo siku yenyewe. Haya semeni basi, ameandikwa?"

Kipanga akamtazama mkwe. Mkwe alikuwa amerudi hatua moja nyuma, begi begani, macho chini, anasubiri mkubwa aseme kwanza.