Upande wa Osob

Mwalimu wa darasa la pili pale kambi ya wakimbizi ya Hagadera ana mikono isiyovumilia kitu kilichokaa kombo. Akiingia hupanga ndala za watoto mlangoni, hunyoosha ramani ukutani, kisha hupita kwenye mikeka akiweka sawa vitabu, kila kimoja kimezungukwa na watoto watano, huku akiguna kama mtu aliyekanyaga mwiba. Juzi alimwita Osob asome mbele ya wenzake. Osob akapokea kitabu, akakigeuza juu chini, na darasa likaangua kicheko. Mwalimu akakiweka sawa. Osob akaukodolea macho ukurasa, kisha akataka kukigeuza tena kitabu.

“Mwaka unaisha, hata kushika kitabu hujui?” mwalimu akafoka. “Rudi ukakae!”

“Najua kusoma, maalim, wallahi. Niache nigeuze tu.” Akakigeuza, machozi yakimlengalenga, akasoma ukurasa mzima bila kukwama.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akautazama mkeka wa Osob. Wenzake wanne walikuwa wamebanana upande mmoja, na nafasi yake ilikuwa ng'ambo ya kitabu, peke yake, pale mwalimu mwenyewe alipomkalisha tangu shule ifunguliwe. Akamwomba kitabu, akakilaza mkekani kama kinavyolazwa siku zote, akaketi mahali pa Osob. Akainama asome, herufi zote zikiwa miguu juu, akababaika kwenye mstari wa kwanza, uso ukamwiva kwa haya mbele ya darasa zima. Mikono ilimwasha kukigeuza kile kitabu. Akaikalia.