Bisibisi Nyuma ya Sikio

Niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo sijakaa kazi moja miaka mitatu. Nimeendesha boda boda Manyatta, nimefyeka nyasi Milimani. Lakini kazi iliyonifundisha zaidi ni mashine ya kusaga unga, Katito. Mwenye mashine alikuwa akigusisha ncha ya bisibisi kwenye chuma na kukandamiza mpini kwenye mfupa nyuma ya sikio. Katikati ya ngurumo ile, alisikia beringi, ile ringi ya gololi inayozungusha ekseli, ikitaka kufa. Nilijaribu mwenyewe. Niliuweka mpini upande wa kulia, lakini hata sikio la kushoto likasikia.

Mwaka jana binti wa dada yangu, wa miaka saba, alihitaji upasuaji Kisumu. Sikio la kulia lilikuwa likitoa usaha hata ugonjwa ukaingia mfupani, na sasa mfupa ungechimbwa kwa drili. La kushoto lilikuwa zima, na ndilo alilosikia nalo darasani. Dada aliniomba niwasindikize, nikae kimya.

Nilikaa kimya mpaka daktari alipotaja drili.

"Daktari, samahani. Ukichimba mfupa wa kulia, la kushoto si litasikia kelele yote?"

Dada alinikanyaga mguu. Daktari aliweka kalamu chini akaniuliza mimi ni wa kazi gani. Nikamweleza habari ya bisibisi. Alicheka, kisha akasema ni kweli: sauti hupita kwenye fuvu ikafika masikio yote mawili, na hata mrija wa kufyonza damu na maji hupiga mluzi. Kwa hiyo yeye huchimba kidogo na kupumzika, na akikaribia vifupa vya kusikia hubadilisha kichwa cha drili, anaweka kile laini. Mara nyingi sikio likichoshwa na kelele hurudia hali yake lenyewe, alisema, ila hawezi kuapa. Karatasi aliyokuwa akiijaza ilisema sikio la kulia ndilo litakalopimwa tena baadaye. Akaongeza kwa mkono wake: na la kushoto.

Baada ya upasuaji, bandeji ilipotolewa, mtoto aliingia chumba cha kupimia, akavalishwa vipokea sauti. Akisikia mlio, ainue mkono. Tulimtazama kupitia kioo. Walianza na la kushoto. Mkono ukapanda, ukapanda tena. Mpimaji akazidi kupunguza sauti. Mtoto akatulia, macho chini, na dada akanishika kiwiko. Halafu kidole kimoja tu kikainuka, polepole, kama mtu asiyetaka kuamsha ndege.

"Ni kama tulivyolipima siku ya kwanza, kabla ya upasuaji," mpimaji alisema.

Jumapili, kanisani Katito, dada alisimama kutoa ushuhuda. Kwa miaka mingi amenitambulisha kwa watu kama yule aliyekataa shule. Siku hiyo alimshukuru Mungu, akamshukuru daktari, kisha akanionyesha kwa kidole.

"Na huyu ndiye aliyeuliza," alisema.

Nilisimama, ingawa hakuna aliyeniambia nisimame.