Nilivyombeba Ganesha Mgongoni Hadi Mbita

Safari hii ilianzia mdomoni mwangu, kama taabu zangu nyingi. Nilikuwa nafua na kupiga pasi kwa Mama Kusum, mjane wa Kihindi pale Kisumu. Siku hiyo nilimkuta ameketi mbele ya Ganesha wake, yule mungu wao mwenye kichwa cha ndovu, wa mbao, aliyechongwa na marehemu babake. Unga laini wa mbao ulikuwa unamwagika miguuni mwake. Wadudu walikuwa wanamla.

Mwanawe, Dinesh, alikuwa amekuja kumhamishia mamake Nairobi. "Mama, acha huyo, tutanunua wa shaba."

 Mama Kusum aliniangalia mimi. "Akivunjika haabudiwi tena, Mama Owino. Ni kumtia ziwani."

Na mimi ni nani wa kunyamaza? Nikasema nina mpwa fundi kule Mbita, Odhiambo, anatibu mbao zote. Ukweli ni kwamba Odhiambo alikuwa anatengeneza mashua.

Kaloleni, mtaa wangu pale Kisumu, asubuhi. Mama Kusum alikuja mpaka mlangoni kwangu na masharti: Ganesha asiwekwe chini, na mimi nisiguse samaki mpaka nimrudishe. Nikaitikia haraka, kama mtu asiyejua njia inapita wapi. Nikamfunga mgongoni kwa leso, maana mikono yangu naijua inavyoangusha sufuria.

Luanda Kotieno, panapopandwa feri ya Mbita. Ilikuwa ile miaka ya tisini gugu-maji lilipofunika ziwa, na feri ilikuwa imekwama huko nje. Ufuoni hapo hakuna chakula ila samaki. Perez, binti wa Uyoma, alikuwa anakaanga ngege mbele ya pua yangu.

"Mama, mtoto wako mbona halii?"

"Ametulia tu."

Perez akachungulia ndani ya leso. "Woi! Pua ya mtoto ndiyo hii?"

"Amefuata upande wa babake."

Walicheka mpaka wavuvi wakaja kuangalia. Mimi nikatafuna muhogo wangu baridi, nimegeukia upande usio na moshi. Feri ilipojinasua na kufika, Barasa wa tiketi aliinua kijana mmoja ili mama mwenye mtoto akae. Nilikaa bila haya.

Mbita. Odhiambo alimgonga Ganesha kwa kidole, akasikiliza. "Shangazi, wadudu wameingia mguuni. Tumboni bado."

Akajaza mafuta ya taa kwenye sindano ya kudunga ng'ombe, akatia tundu moja moja, kisha akaziba kwa nta. Mimi nilimsimamia nikisema polepole, polepole, mpaka akaniambia nikae mbali, namtetemesha. Mara kitu kikalia *ka!* Nikafumba macho, nikaliona ziwa. Kumbe ni benchi lake.

Kisha akachukua mkebe wa mafuta ya mbuta. "Hii ndiyo inazuia mbao kupasuka. Hata mashua napaka."

"Ngoja! Huyu hali samaki."

"Na anakaa Kisumu?"

"Odhiambo, hata harufu hataki!"

"Basi atapasuka, Shangazi. Nimeshamkausha."

Nikafungua mkoba. Nilikuwa na chupa ya mafuta ya nazi ya nywele, niliyonunua ili watu wa Mbita wajue natoka mjini. Ganesha aliyanywa yote. Yeye akang'aa, mimi nikapanda feri na kichwa kama ufagio.

Kisumu tena. Dinesh alikuwa ameshafunga masanduku. Mama Kusum alimpapasa Ganesha miguu, masikio, mkonga, akarudi kwenye ule mguu, akaubonyeza. Ulikuwa mgumu. Akamnusa.

"Ananukia kama wewe siku ya Jumapili," akasema. Akampakata. "Dinesh, twende. Usinunue shaba."

Mtataka kujua nilijifunza nini. Nilijifunza nifikiri kwanza kabla ya kusifu wapwa wangu, na bado sijaweza. Jioni hiyo, Kaloleni, nilikaanga ngege wangu mkubwa, kwa hamu ya safari nzima. Nilipoinama kumgeuza, mkono wangu ukaenda nyuma wenyewe, kumshikilia mtoto asianguke.