Mbwa wa Swaumu na Pilau ya Maulidi

Swaumu binti Mwinjuma hakupenda mbwa. Hilo lieleweke mapema, maana watu wa Mzenga walisema mengi baadaye. Asubuhi ile alikwenda jalalani kumwaga majivu tu, akasikia kitu kinalia chini ya maganda ya mihogo. Alipofukua akakuta mtoto wa mbwa, macho hayajafunguka, mdomo wa juu umepasuka kama wa sungura. Akamtukana, akamtukania na mama yake, kisha akamfunga katika kipande cha gunia na kumrudisha kwa mwenyewe.

Mwenyewe alikuwa Thadeo, Mkristo wa pale kijijini aliyefuga mbwa wa kusakia nguruwe mwitu. Waislamu wa Mzenga hawakuwala nguruwe, lakini nguruwe waliila mihogo yao bila huruma, kwa hiyo Thadeo na mbwa wake waliheshimiwa sana, kwa mbali.

"Shikamoo mama. Huyo hafai," Thadeo alisema. "Tazama kaakaa lake, lina ufa mpaka ndani. Akinyonya, maziwa yanamtokea puani. Atakufa tu."

"Kwa hiyo ukamtupa hai?"

"Sasa nimle?"

Swaumu akamtukana na yeye pia. Akageuka na gunia lake akarudi nalo nyumbani, huku akijiuliza ni shetani gani aliyempanda.

Kumlisha kulikuwa mateso. Akimpa kwa kidole, maziwa ya mbuzi yanapanda puani, mbwa anapaliwa, anapiga chafya, na kaniki ya Swaumu inalowa. Mwishowe alikata kikonyo cha jani la mpapai, kile chembamba chenye uwazi ndani, akakichemsha mpaka utomvu ukaisha. Alikichovya katika maziwa, akaziba tundu la juu kwa kidole gumba, akakipenyeza taratibu hadi kooni kupita ule ufa, kisha akaachia kidole. Maziwa yakashuka tumboni. Baada ya hapo ilibidi amshike wima mpaka yatulie, maana akilazwa upesi yanarudi. Na kabla hujapumua, ana njaa tena.

Lakini maziwa hayakuwa shida. Shida ilikuwa mate. Mate ya mbwa ni najisi, nguo na mikono huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo, na mjane huyu hakukosa sala hata moja. Kila adhana ilimkuta anasugua mikono na kulaani. Ngozi ya vidole ilimchubuka. "Kufa basi tupumzike wote," alimwambia mbwa, kisha akaenda kumkamulia mbuzi.

Wanawake wenziwe walicheka. "Kama ni kula nguruwe, si angechagua aliyenona? Kama ni kufuga mbwa, si angechukua mzima?" Ulipokaribia mwezi wa Maulidi, kicheko kikaisha. Kwa miaka mingi Swaumu ndiye aliyepika pilau ya Maulidi, na kazi ile ndiyo iliyompa jina Mzenga nzima; hakuwa na mtoto wala shamba kubwa, alikuwa na mkono wake. Wifi yake Tatu, dada wa marehemu mumewe, ndiye aliyetumwa.

"Wifi, watu wanaona kinyaa. Mtupe huyo mbwa, uje upike. Usipomtupa, mwaka huu nitapika mimi."

"Mwalimu wa chuo cha Kurani amesema nikiosha nimetoharika."

"Sheria ni yake, wifi. Matumbo ni yetu."

Swaumu alimtazama Tatu, akamtazama mbwa aliyekuwa akikoroma kwa pua yake mbovu. Alitaka kulia kwa hasira. "Chukua sufuria," alisema. "Chukua na upawa. Potelea mbali!"

Siku ya Maulidi ikafika. Swaumu alikuwa kibarazani, kikonyo kiko kooni mwa mbwa, alipomwona Tatu anakuja mbio, kanga imemvuka kichwani.

"Wifi, nimekwisha! Chini inaungua, juu mchele mbichi. Wageni kutoka Marui wamekwisha kaa. Njoo!"

"Mikono yangu najisi, si mlisema?"

"Osha! Osha, nakuomba, usiniaibishe!"

"Na huyu nimwache? Amekwisha kunywa, nikimlaza sasa hivi atapaliwa afe. Mshike."

"Mimi?"

"Basi pilau iungue."

Tatu akampokea kwa ncha za vidole kama anayeshika kaa la moto. Mbwa akampigia chafya ya maziwa kifuani. Swaumu aliosha, akasugua udongo, akaosha tena, bila kuruka hata mara moja kati ya zile saba, akatia udhu na kuvaa kanga ya sikukuu, huku Tatu akimlilia aharakishe.

Kule jikoni alitoa kuni chini, akanyunyiza maji ya moto, akafunika na kupalia makaa juu. Harufu ilipogeuka ikawa nzuri, wanawake wakapiga vigelegele, wakamwita mpishi wetu. Yeye hakusikia vizuri. Alikuwa anamwazia mbwa. Tatu hakuwa na subira. Tatu angemlaza tu chini na kwenda kuoga. Akajikasirikia kwa kumhofia mbwa. Hakungoja kupakua wala kusifiwa, akatoka nusu anakimbia.

Tatu alikuwa kibarazani palepale, kanga mpya imelowa, uso umekunjamana, mbwa amesimamishwa wima begani mwake.

"Kila nikimlaza anakohoa!" alifoka. "Miguu imekufa ganzi, Maulidi yamenipita, najisi mpaka shingoni. Mchukue mbwa wako!"

Swaumu alikuwa safi, ana udhu, na kanga yake ya sikukuu ilikuwa kavu. Akanyoosha mikono yote miwili, akampokea mbwa, akamkumbatia kifuani.